Giza, Fumbo na Hukumu ya Mhakiki: Maana na Matumizi ya Neno "Obscure"

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo mhakiki wa fasihi ya Kiswahili huyaazima kutoka Kiingereza bila ya kuyakagua kwanza, kivumishi "obscure" kimo katika safu ya mbele. Aghalabu hakiazimwi kwa sura yake, bali kwa tafsiri. Mhakiki husema kwamba shairi fulani "lina giza", au kwamba mtunzi wake "ameandika kwa giza", na kwa kauli hiyo moja kesi huwa imekwisha kukatwa. Mwanafunzi naye huipokea hukumu hiyo kutoka kwa mwalimu wake na kuinakili katika karatasi ya mtihani, asiulizwe na mtu giza hilo limetoka wapi, wala ni la nani.

Makala haya yanakusudia kuuliza swali hilo. Tutalitazama kwanza neno lenyewe katika lugha yake, kisha tutalilinganisha na maneno ambayo Kiswahili huyatumia panapokuwa na jambo gumu kueleweka. Baada ya hapo tutaupima ulinganishi huo kwa kazi za watunzi watatu: Muyaka bin Haji, Abdilatif Abdalla na Euphrase Kezilahabi. Hoja yetu ni hii: "obscure" hukusanya chini ya paa moja mambo ambayo Kiswahili huyaweka katika nyumba mbalimbali, na mhakiki anayelifasiri kwa neno "giza" peke yake huwahukumu watunzi kwa kosa ambalo pengine ni la msomaji, na pengine si kosa kabisa.

1. Neno katika lugha yake

Kiingereza kililipata neno hili kupitia Kifaransa cha kale, nacho Kifaransa kililipata kutoka Kilatini, "obscurus". Wataalamu wa asili za maneno huligawa neno hilo la Kilatini sehemu mbili: kiambishi chenye maana ya "juu ya", na mzizi wa kale ambao yamkini maana yake ni "kufunika". Kwa hiyo kitu kilichoitwa "obscurus" hapo awali kilikuwa ni kitu kilichofunikwa, na giza lilikuwa tokeo tu la kufunikwa huko. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, kwani tutalirudia.

Katika Kiingereza cha leo neno hili lina matumizi manne makuu. La kwanza ni kukosa mwanga, kama ilivyo pembe ya chumba ambayo jua haliifikii. Matumizi haya yamechakaa katika mazungumzo, na husalia zaidi katika maandishi. La pili ni ugumu wa maana: sentensi, sheria au shairi lisilofahamika kwa wepesi. La tatu ni kutojulikana, nalo husemwa juu ya mtu, kijiji au kitabu ambacho hakina sifa. La nne ni kutobainika, kwa mfano umbo linaloonekana kwa mbali katika ukungu, au chanzo cha ugonjwa ambacho waganga hawajakitambua. Wanafonetiki nao waliwahi kuiita kwa jina hilo irabu hafifu ya Kiingereza inayosikika mwishoni mwa neno "sofa". Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliyatanguliza maana ya giza na kuzifuatisha zile za ugumu na za kutotambulika, nao ndio mpangilio ambao kamusi nyingi zimeufuata.

Matumizi yote manne yana sifa moja. Yote ni ya jicho, lakini mwenye jicho hatajwi. Kitu ndicho kinachosemwa kuwa "obscure", kama vile hali hiyo ni sehemu ya mwili wake, kama uzito au rangi. Anayeshindwa kukiona, sababu ya kushindwa kwake, na mahali aliposimama, yote hayo yameachwa nje ya neno.

Mfano wa zamani ni Heraclitus wa Efeso, mwanafalsafa ambaye Wayunani walimpa lakabu yenye maana ya "mwenye giza", nao Warumi wakaifasiri kwa neno "obscurus". Sababu ilikuwa ni mtindo wake wa kusema kwa maneno machache yenye pande mbili. Waliomwita hivyo walikuwa wakieleza jinsi walivyoshindwa wao, lakini lakabu ikamganda yeye.

Mfano wa karibu zaidi ni riwaya ya Thomas Hardy iliyotoka mwaka 1895, Jude the Obscure. Mfasiri wa Kiswahili angeiitaje? "Jude wa Gizani" ingekuwa kichekesho. "Jude Asiyejulikana" ingemfanya mgeni au mkimbizi ambaye polisi wanamtafuta, hali Jude anajulikana vizuri na majirani, na wake zake, na mafundi wenziwe wa kuchonga mawe. Kutojulikana kwake ni kwa upande mmoja tu. Chuo kikuu anachokitamani hakimtambui, na mkuu wa chuo kimoja humwandikia kumshauri abaki na ufundi wake. Kwa Kiswahili mtu wa namna hiyo ni mnyonge, mtu wa chini, kabwela. Maneno haya yana faida ambayo "obscure" haina, kwani hatuwezi kusema "wa chini" bila ya kufikiri kwamba yuko wa juu.

2. Giza katika Kiswahili

Kiswahili hakina kivumishi halisi cha giza. Kina nomino: "giza", au "kiza" katika lahaja kama Kimvita. Giza letu huja na kuondoka. Giza huingia, hutanda, huwa totoro, kisha hupambazuka. Ili kukisifia kitu kwa giza hatuna budi kupitia kiunganishi cha umilikaji au cha uhusiano. Chumba kina giza, au ni chumba chenye giza, na kauli hizi mbili zaeleza hali ambayo huenda ikaondoka mara dirisha likifunguliwa. Tukisema "chumba cha giza" ndipo tunapoifanya hali hiyo kuwa namna ya chumba, kama chumba cha wageni au chumba cha kulia.

Ama kwa upande wa ujuzi, giza la Kiswahili humkaa mtu. Asiyejua jambo husema "niko gizani". Tunasema elimu ni nuru, na asiyesoma huambiwa kwamba amo katika giza la ujinga. Lakini mtu aliyepokea barua asiyoielewa, kwa desturi, hasemi kwamba barua ina giza. Husema hakuifahamu, au maneno yake yamemtatiza, au imeandikwa kwa mafumbo, au haina kichwa wala miguu. Kila moja ya kauli hizo yatoa lawama tofauti: ya kwanza yamlaumu msomaji, ya pili yahusu mpangilio wa maneno, ya tatu yataja kusudi la mwandishi, na ya nne ndiyo pekee inayoihukumu barua yenyewe.

Fasihi yetu ya kale yaonyesha tofauti hii kwa namna ya ajabu. Utenzi mashuhuri wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa yapata mwanzoni mwa karne ya 19, waitwa Al-Inkishafi. Jina hilo ni la Kiarabu, na maana yake ni kufunuliwa. Ndani ya utenzi huo mna giza la kweli: majumba ya matajiri wa Pate ambayo zamani yaling'ara kwa taa, na ambayo sasa yamekuwa makao ya popo na bundi. Giza limo katika picha, hali utenzi wenyewe ni tendo la kufunua. Kilatini kilikiita kisichoonekana "kilichofunikwa". Mshairi wa Pate akaiita kazi yake kufunua. Hapa Kiswahili na Kilatini vimekutana mahali ambapo Kiingereza cha leo kimekwisha kupasahau.

3. Kufumba na kufumbua

Tukiyakusanya maneno ambayo Kiswahili huyatumia kwa ugumu wa maana, twaona kwamba mengi si ya jicho bali ni ya mkono. Na mengi ni vitenzi vyenye kauli ya kutendua. Tunafumba na tunafumbua. Jambo hutatizwa na hutatuliwa. Kitendawili hutegwa na huteguliwa. Kilichofunikwa hufunuliwa, na kilichofungwa hufunguliwa. Methali nayo yatuambia: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua.

Mpangilio huu wa maneno una mafunzo matatu kwa mhakiki. Kwanza, panapo kufumba pana mtendaji. Fumbo halijifumbi, yuko aliyelifumba, na huenda alikuwa na sababu. Pili, pana mlengwa. Mwanamke wa pwani anayevaa leso yenye maneno ya mafumbo hakukusudia kila mpita njia ayafahamu. Mmoja tu akiyafahamu, yametimiza kazi. Maneno yale yale ni wazi kama mchana kwa jirani aliyelengwa, na ni pambo tu kwa mwingine. Hapo swali la kama maneno "yana giza" au hayana halina jibu mpaka tumtaje msomaji. Tatu, na hili ndilo kubwa, pana njia ya kurudi. Kitenzi chenyewe kimeahidi kwamba kilichofanywa chaweza kutenduliwa. Hata anayeshindwa ana desturi yake: katika kitendawili aliyeshindwa hutoa mji, naye mtegaji akiisha kuupokea hulitoa jibu. Kushindwa kufahamu ni sehemu ya mchezo, na mchezo una kanuni.

Giza halina hayo. Giza halina mtendaji wala mlengwa, na dawa yake ni kungoja kuche au kuletewa taa na mtu mwingine. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba shairi ni fumbo huanza kutafuta. Anayeambiwa kwamba lina giza huketi akingoja mwalimu aje na taa. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa neno moja katika uhakiki una athari katika darasa zima.

4. Watunzi watatu

Hebu sasa tuwatazame watunzi watatu ambao, kwa Kiingereza, wote wangeweza kuitwa "obscure" na kila mmoja kwa sababu yake.

Wa kwanza ni Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na katika miongo minne ya kwanza ya karne ya 19. Msomaji wa leo anayelifungua diwani lake, lililohaririwa na William Hichens na kuchapishwa mwaka 1940, hukwama katika ubeti wa kwanza au wa pili. Sababu si ngumu kuziona. Muyaka alitunga kwa Kimvita cha wakati wake, na alitunga kwa watu walioyajua matukio: ugomvi wa Mombasa na Lamu, siasa za Wamazrui, vita vya Shela. Alilazimika kutaja tu, hakulazimika kueleza. Mafumbo anayo, na ni mengi, lakini sehemu kubwa ya ugumu tunaoupata sisi haikutiwa na yeye. Umetiwa na miaka mia mbili. Dawa yake yajulikana: mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimkusanyia na kumweleza W. E. Taylor mashairi hayo, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz aliyarudisha katika jamii iliyoyazaa kwa kitabu chake juu ya Muyaka. Ugumu unaoondoka kwa faharasa na historia si giza. Ni umbali.

Muyaka pia ni mfano mzuri wa matumizi yale ya tatu ya neno letu. Msomaji wa Kiingereza angeweza kumwita mshairi "obscure", kwa maana ya asiyejulikana. Lakini asiyejulikana na nani? Mashairi yake yalikaa katika vifua na vinywa vya watu wa Mombasa kwa miongo kadhaa baada ya kifo chake, kabla hayajatiwa wino. Kiswahili humruhusu mhakiki aulize "na nani" mara tu baada ya kitenzi cha kutendwa. Kivumishi cha Kiingereza hakimwachii nafasi hiyo.

Wa pili ni Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika karatasi ya kisiasa, Kenya: Twendapi?, kwa lugha isiyohitaji mfasiri. Karatasi hiyo ilimpeleka gerezani kwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga humo kwa siri yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Tafakari maana ya jambo hili. Aliposema wazi alifungwa; alipofumba, kitabu kilichapishwa na kutuzwa katika nchi ile ile. Shairi lake juu ya mamba husomeka, kwa asiye na habari, kama onyo kwa mnyama wa mtoni. Lile la mnazi na ndugu wawili husomeka kama ugomvi wa urithi. Mwenye kuijua Kenya ya miaka hiyo huona kwamba mtoni mna mtu na kwamba mnazi ni nchi.

Je, mashairi hayo yana giza? Mhakiki anayesema ndiyo atakuwa amelichukua joho alilojifunika mtu katika baridi na kuliita doa. Ufumbaji wa Abdilatif ulikuwa na mtendaji, mlengwa na sababu. Hapana ubishi kwamba msomaji wa bara asiyekijua Kimvita hupata taabu ya ziada, lakini hiyo ni taabu ya umbali tuliyoikuta kwa Muyaka, nayo huondoka kwa njia ile ile. Kuzichanganya taabu hizi mbili ni kumfanya mshairi ajibu mashtaka mawili kwa jina moja.

Wa tatu ni Euphrase Kezilahabi, na kwake jambo hugeuka juu chini. Katika Kichomi, diwani yake ya mwaka 1974, alitangaza kusudi la kuleta katika ushairi lugha ya kawaida ya mazungumzo. Maneno yake mengi hayahitaji kamusi. Hata hivyo malalamiko ya ugumu hayakukoma, na yaliongezeka alipotoa riwaya zake fupi Nagona (1990) na Mzingile (1991). Hapa tuna ushahidi wa kutosha kwamba wepesi wa msamiati na wepesi wa maana ni vitu viwili. Muyaka ana maneno magumu kwetu yaliyokuwa mepesi kwa hadhira yake. Kezilahabi ana maneno mepesi kwetu sote, na bado twapotea.

Mwandishi mwenyewe ametupa neno la kuueleza upotevu huo. Mzingile ni njia zenye kuzungukana ambazo aliyeingia haoni pa kutokea. Ndani ya mzingile mwanga unaweza kuwapo tele. Mtu huona kila ukuta na kila kona. Asichokiona ni mpango wa njia. Kuuita mzingile giza ni kuikosa picha. Swali la haki kwa mhakiki ni kama njia ipo, au kama kuzunguka kwenyewe ndiko mwandishi alikokusudia msomaji akuonje.

Hata hivyo hatusemi kwamba Kezilahabi hana la kujibu. Katika riwaya hizo mbili msomaji hukutana na madokezo ya falsafa za Ulaya ambayo hayawezi kufumbuliwa kwa akili ya barazani wala kwa uzoefu wa maisha. Ufunguo wake umo katika vitabu ambavyo wachache kati ya wasomaji wa Kiswahili wamepata kuvisoma. Hili ni shtaka zito kuliko lile la giza, na lina uzito kwa sababu limeelezwa kwa usahihi: fumbo limefumbwa mbele ya hadhira moja, na jibu lake limewekwa kwa hadhira nyingine. Watetezi wake wanaweza kujibu kwamba fasihi yetu daima imefumbua kwa elimu ya kuazima, kama wasomaji wa tenzi walivyohitaji Kiarabu na dini. Mjadala huo una manufaa. Lakini hauwezi kuanza kama tumekwisha kuufunga kwa neno "giza".

5. Giza lilipo kweli

Je, hapana basi maandishi ya Kiswahili yanayostahili kuitwa ya giza? Yapo, ila mhakiki wa fasihi kwa kawaida hayasomi. Tazama lugha ya matangazo ya maofisini: "imeamuliwa kwamba", "imeonekana vyema", "hatua zinazofaa zitachukuliwa". Kila neno ni la kawaida, na hakuna fumbo. Lakini mtendaji amefutwa, mlengwa hakutajwa, na msomaji hana njia ya kurudi, kwani hakuna cha kufumbua. Aliyeamua hakufumba jambo, ameliondoa.

Edmund Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1757 juu ya yale yanayotisha na yale yanayopendeza, alieleza kwamba kutoonekana ni sharti la kuogofya, na akatoa mfano wa tawala za kidhalimu ambazo humficha mtawala machoni pa watu kadiri ziwezavyo. Burke alikuwa akilisifu giza katika ushairi, lakini mfano wake watufaa kwa kusudi jingine. Mshairi anayemfumba mamba na ofisi inayoandika "imeamuliwa" wote kwa Kiingereza huweza kupewa kivumishi kimoja. Ilhali mmoja anajificha ili aseme, na mwingine anasema ili ajifiche. Lugha ya uhakiki isiyoweza kuwatenganisha wawili hao haijawa tayari kwa kazi yake.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba "obscure" ni neno la jicho lisilomtaja mwenye jicho, na kwamba Kiswahili, kwa ugumu wa maana, hupendelea maneno ya mkono yenye mtendaji, mlengwa na njia ya kurudi. Kwa hiyo twapendekeza kwamba mfasiri na mhakiki waache kutafuta neno moja la kulipokea. Panapokosekana mwanga, "giza" latosha. Penye kusudi la kuficha maana, pana "fumbo". Maneno au mawazo yaliyosokotana yana "utata". Ugumu ulioletwa na lahaja au wakati uitwe "umbali". Kisichopambanuka "hakibainiki". Na mtu au kitabu kisichojulikana kiandikwe pamoja na swali lake: hakijulikani na nani?

Mwalimu anayesahihisha insha ya mwanafunzi aliyeandika kwamba shairi fulani lina giza hana haja ya kumpa alama wala kumnyima kabla hajamwandikia pembeni maswali matatu: nani amefumba, amemfumbia nani, na wewe umejaribu kufumbua kwa njia gani? Mwanafunzi akiyajibu hayo atakuwa ameanza uhakiki. Na kama baada ya kuyajibu bado ataona kwamba shairi halina kichwa wala miguu, hukumu hiyo itakuwa yake mwenyewe, nasi tutalazimika kuisikiliza.